Waridi Lenye Majani ya Mwembe

"Waridi gani hili lenye majani ya mwembe?"

Aliyeuliza alikuwa mama wa makamo, kajitanda leso, kikapu mkononi, amesimama mbele ya kimeza changu pale Bombo, Uganda, siku ya soko. Ameshika ua langu la satini nyekundu, kazi ya jioni mbili. Mimi nilikuwa nangoja asifie petali, maana petali zilikuwa nzuri, hilo nalisema bila haya. Yeye hata hakuzitupia jicho. Alilipindua ua kichwa chini, akawa anakagua kikonyo na majani kama mtu anayekagua miguu ya kuku kabla ya kumnunua.

"Mama, hilo ni pambo tu," nikamwambia.

"Najua ni pambo, mwanangu. Lakini waridi halioti jani moja moja refu hivi. Siku ukiliona, hesabu." Akalirudisha mezani polepole, kama mtu anayelaza mtoto, akaenda kununua nyanya.

Nilinuna kutwa nzima. Ulikuwa mwaka 2019, nami nina miaka mitatu katika kazi ya maua ya kitambaa, nina wateja, hata kuna duka la kukodisha magauni ya harusi huko Kampala lililokuwa likinipigia simu. Sasa mtu anapita na kikapu chake ananiambia nimebandika majani ya mwembe kwenye waridi. Kibaya zaidi, jioni nilipolitazama lile ua, waridi sikuliona tena. Niliona mwembe.

Nirudi nyuma kidogo. Mimi ni Mnubi, na katika nyumba zetu mwanamke asiye na kazi ya mkono huulizwa kama anaumwa. Bibi yangu alisuka vifuniko vya chakula, vile vya duara vyenye rangi kali, zambarau imekaa ubavuni mwa chungwa na chungwa ubavuni mwa kijani. Mama alidarizi mashuka. Mimi ukili haukunikubali, ukanikata vidole, nikaangukia kwenye kitambaa. Mwaka 2016 binti ya shangazi yangu alikuwa anaolewa, fedha za maua hakuna, nikajitolea kumtengenezea. Nilikuwa nimeona video moja kwenye simu: mtu anakata vipande vya duara, anavipitisha karibu na mshumaa, kingo zinajikunja, anavipanga kutoka kikubwa hadi kidogo, katikati anashona shanga. Dakika nne. Nikadhani kazi yote ndiyo hiyo.

Kitambaa kilichokuwapo nyumbani kilikuwa kitenge. Nikakata duara, nikaisogeza mshumaani, nikangoja ukingo ujikunje. Ukashika moto. Nikakata nyingine, nikaiweka mbali zaidi. Ikawa kahawia, ikawa nyeusi, ikashika moto. Niliteketeza karibu nusu mita nikidhani kosa ni la mkono wangu.

Kumbe satini ile ya kwenye video ilikuwa poliesta, na poliesta ni ndugu wa plastiki: ikipata joto huyeyuka. Kitenge changu kilikuwa pamba, na pamba ni mmea, huungua kama karatasi. Siku hizi kitambaa nisichokijua hakiingii kazini kabla ya kupita motoni. Nakata kipande kidogo kama ukucha, nakishika kwa kikoleo juu ya sahani ya maji, nakiwasha. Kikirudi nyuma kama kinaukimbia moto na kuacha kidonge kigumu chenye harufu ya plastiki, ni poliesta au nailoni, kinafaa mshumaa. Kikiwaka mbele kwa mbele na kuacha jivu laini, ni pamba, mshumaa uwekwe mbali. Kikinuka nywele zilizoungua, ni hariri au sufu, na aliyekiuza hakujua anauza nini. Hilo la mwisho limenitokea mara moja tu, kwa skafu ya mitumba ya Owino, lile soko la Kampala. Nilirudi nikanunua mbili zilizobaki bila kusema neno.

Vitambaa vyangu vingi vinatoka Kiyembe, katikati ya Kampala, kule ambako roli zimesimamishwa mpaka njiani. Ukifungua mdomo kwa Kiswahili pale, muuzaji anakupima kwanza: huyu Mkenya, Mkongo, au mke wa mwanajeshi? Kisha bei inapanda. Nimejifunza kusalimia kwa Kiganda, kuuliza bei kwa Kiganda, na kupiga hesabu kwa Kiswahili moyoni. Miaka ya mwanzo nilinunua satini kwa mita kama mtu anayeshona gauni. Sasa nanunua kilichoanguka sakafuni. Mafundi wanakata magauni na gomesi, vazi refu la wanawake wa huku, kutwa, na kipande kinachodondoka chini ya cherehani ni kikubwa kuliko petali yoyote nitakayoihitaji. Mfuko mmoja wa mabaki una rangi ambazo kwa akili yangu nisingezichagua kamwe, na ndizo zinazouza.

Moto nao una tabia zake. Ncha ya njano ya mshumaa ina masizi. Petali nyeupe ukiipitisha hapo inatoka na ukingo wa kijivu ambao hata sabuni haiutoi. Inashikwa ubavuni mwa mwali, chini, karibu na ile sehemu ya buluu, na inazungushwa bila kusimama. Niliyajua haya usiku mmoja umeme ulipokatika na mishumaa imekwisha, nikatumia tadooba, kile kitaa chetu cha kopo na utambi wa mafuta ya taa. Petali thelathini nyeupe zikawa kama zimefukizwa jikoni. Nililia, kisha nikazitunza. Baadaye nilizitengenezea waridi kuukuu, lile linaloanza kufifia kwenye chombo, na kuna bibi harusi mmoja aliyelipenda kuliko yote yaliyokuwa mezani.

Aliyenifundisha jambo lililofuata hakuwa mtu wa maua kabisa. Alikuwa fundi mzee mwenye cherehani ya kukanyaga kwenye baraza ya duka, kazi yake kanzu na sare za shule. Nilimlalamikia kwamba petali zangu zinasimama kama vizibo vya soda, kila moja imekakamaa peke yake.

"Lete kipande," akasema. "Vuta urefu."

Nikavuta. Hakikwenda popote.

"Vuta upana." Kikalegea kidogo tu.

"Sasa shika kona kwa kona." Kikanyumbuka mkononi mwangu kama mpira, na nilipokiachia kikabaki kimejikunja.

"Unataka kitu kijikunje," akasema mzee, macho yameshaanza kurudi kwenye kanzu yake, "halafu unakikata upande usiojikunja. Unagombana na nani, binti?"

Kitambaa kilichofumwa kina nyuzi za mtande na nyuzi za mshindio zinazokatana wima kwa mlalo. Petali ikikatwa urefu wake ulale mshazari, digrii 45 kutoka kwenye mtande, inakubali kuvutwa kwa kidole gumba, inapata tumbo kama kijiko, na ukingo wake hautoi nyuzi ovyo. Gharama yake ni kitambaa kingi kupotea kwenye pembe, na ndiyo maana mabaki ya Kiyembe yaliniokoa. Tangu siku ile, kila kipande ninachokiokota nakivuta kona kwa kona kwanza. Watu kwenye taksi hunitazama.

Kosa langu kubwa kuliko yote lakini lilikuwa gundi. Ile ya vijiti, inayoyeyushwa na bastola yake ya umeme, ni tamu kwa mtu mwenye haraka: unatia tone, unabonyeza, umemaliza. Mwaka 2018 nilipata kazi ya maua ishirini na manne ya kuvaliwa kwenye mishipi ya gomesi, kwanjula, yaani sherehe ya utambulisho nyumbani kwa wazazi wa bibi harusi, ya watu wa Luweero. Gomesi, kwa msomaji wa mbali, ni lile vazi refu la mabega yaliyochongoka na mshipi mpana kiunoni. Wanasema lilianzia Gayaza mwaka 1905, kwa fundi Mgoa aliyeitwa Gomes, na jina likabaki. Mshipi wake ni mahali pazuri pa kuweka ua kwa sababu ni mpana na unatulia. Nilibandika maua yote kwa gundi kwa siku mbili, nikayapanga kwenye katoni, katoni ikaingia kwenye gari, gari likaegeshwa juani saa sita mchana vioo vimefungwa.

Tulipofungua, katoni ilikuwa na vikonyo upande mmoja na petali upande mwingine. Gundi ilikuwa imelainika, kila kitu kimeteleza. Ssenga, yaani shangazi wa bibi harusi, alichungulia ndani, akanitazama, akasema, "Nnyabo, maua yako yamepukutika hata wageni hawajafika." Nilikaa nyuma ya hema na sindano nikashona maua kumi na moja kabla ya upande wa bwana harusi kuitwa. Mengine kumi na matatu yalirudi nyumbani. Pesa yao niliirudisha, na nusu ya ile ya kumi na moja pia, kwa aibu.

Tangu hapo nashona. Chini ya kila petali napiga bandi, navuta uzi ikusanyike, nazungusha uzi mara mbili kwenye kikonyo, nafunga fundo. Gundi ninayo, lakini kazi yake ni kuficha ncha ya uzi. Ua lililoshonwa unaweza kulikanyaga, ukalinyoosha kwa mvuke wa birika, likarudi. Niliwahi kulijaribu hilo bila kukusudia.

Sasa yule mama wa kikapu.

Mwezi Machi 2020 mikusanyiko ilipigwa marufuku, harusi zikanyamaza, Kiyembe ikafungwa. Nilikuwa na mfuko mmoja wa mabaki na muda usio na mwisho. Siku moja nimekwenda kuteka maji nikamkuta, kumbe anakaa nyumba ya nne kutoka bombani, na uani kwake kuna mawaridi yamepanda mpaka paa. Nikasalimu, nikajitambulisha kuwa mimi ndiye yule wa majani ya mwembe. Akacheka mpaka akashika goti.

Alikuwa amefanya kazi miaka tisa kwenye mashamba ya maua upande wa Entebbe, ndani ya mabanda ya nailoni, kukata na kupanga madaraja. Mawaridi ya kwetu ni yale ya kichwa kidogo, hali ya hewa ya karibu na ziwa hailei kichwa kikubwa, na mengi hupanda ndege usiku kwenda Uholanzi kwenye mnada. Huko, aliniambia, mnunuzi anatazama ua lakini mkaguzi anatazama jani. Jani lenye doa jeupe la ukungu au lililotobolewa na mdudu, shina zima linatupwa, hata kama ua ni kama limechorwa.

Akakata shina moja uani, akanipa. "Haya, hesabu."

Nikahesabu. Lile nililokuwa nikiliita jani lilikuwa vijani vitano kwenye kikonyo kimoja: viwili viwili vinatazamana, kimoja peke yake kwenye ncha. Karibu na ua kulikuwa na vitatu tu. Chini zaidi, saba. Shambani, akasema, unafundishwa siku ya kwanza kukata juu ya jani la vijani vitano, maana chipukizi la hapo ndilo linalokuja na nguvu. Kila kijani kina meno pembeni kama msumeno mdogo. Kikonyo kinapoungana na shina kuna vijisikio viwili vyembamba vimeshikana nacho, ambavyo kwa miaka yangu yote sikuwahi kuviona, na nadhani ningekufa bila kuviona. Juu jani linang'aa. Chini limepauka, halina mng'ao. Na majani machanga hayakuwa ya kijani. Yalikuwa mekundu meusi, kama chai ya rangi.

"Sasa geuza tumba," akasema.

Chini ya tumba kuna vijani vitano vinavyolifunika kabla halijachanua. Mimi nilikuwa nakata nyota moja ya kijani yenye ncha tano sawasawa, nabandika, basi. Akavifungua kwa ukucha kimoja kimoja. Viwili vina ndevu pande zote mbili. Viwili havina kabisa. Cha tano kina ndevu upande mmoja tu. Nikadhani ni shina lile. Tukakata tumba la pili, la tatu, vilevile. Nilipokaa nayo nyumbani nikaelewa: vimepandana ndani ya tumba, na ukingo uliofunikwa na mwenzake hauoti ndevu, ukingo ulio nje unaota. Viwili viko nje kabisa, viwili vimefunikwa huku na huku, kimoja nusu ndani nusu nje. Nilipoanza kukata vitano hivyo kila kimoja kwa sura yake, niligundua pia vinakaa vyenyewe kwenye ua. Havigombanii nafasi. Ile nyota yangu siku zote ilikuwa inainuka pembeni nikidhani gundi haishiki.

Miezi ile ya kufungiwa sikutengeneza ua hata moja. Nilitengeneza majani.

Namna ninavyolifanya jani sasa ndiyo hii. Juu nachukua satini ya kijani iliyokolea, chini kitambaa kisichong'aa cha kijani kilichopauka, mara nyingi bitana au pamba nyepesi. Vyote navikata mshazari, na hapa ndipo yule mzee wa kanzu alinifaidia mara ya pili: jani likilala mshazari, nyuzi za kitambaa zinatoka kwenye uti wa kati zikielekea pembeni kwa pembe, kama mishipa ya jani lenyewe. Jicho halijui kwa nini linaridhika, lakini linaridhika. Katikati ya vitambaa viwili napaka gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, naweka waya, nabandika, nabonyeza chini ya ubao mpaka pakauke. Kukata meno kunafuata baada ya kukauka, kwa mkasi mdogo wa kucha, kwa mkono. Mkasi wa mafundi wa kukata meno meno ninao, lakini unatoa meno yanayofanana yote, na waridi halina subira hiyo.

Waya ulinisumbua. Nilianza na ule wa kufungia nondo, wa bei rahisi, upo kila duka la saruji. Msimu wa mvua ukaja, ukashika kutu ndani ya kitambaa, na mstari wa kahawia ukajitokeza katikati ya majani na kwenye petali nyeupe zilizoyagusa. Sasa nakwenda Katwe, mtaa wa mafundi wa Kampala, kwa wale wanaosuka upya mota zilizoungua, nanunua waya mwembamba wa shaba wanaoutoa. Haushiki kutu, na unakunjika mara nyingi kabla ya kukatika.

Katwe ndiko pia nilikopata chombo ninachokipenda kuliko vyote. Watengeneza maua wa Ufaransa na Japani wana vyuma vyenye kichwa cha duara, wanavipasha moto na kubonyeza petali juu ya mto ili ipate tumbo. Kuagiza ni ndoto. Nilimchorea mchomeleaji kwenye kipande cha boksi. Akatafuta gololi za beringi kuukuu, kubwa, ya kati na ndogo, akazichomelea kwenye vipande vya nondo nyembamba na kuvitia mipini ya mbao. Navipasha kwenye sigiri. Kabla ya kugusa petali, gololi inajaribiwa kwenye kipande cha kutupa: kikinata, ni moto mno, kingoje. Mto wenyewe ni mfuko wa mchanga uliochekechwa, umevishwa shuka. Mishipa ya jani naichora kwa mgongo wa kisu cha mezani, nacho kimepashwa, juu ya mto uleule, kutoka kwenye uti kwenda nje, kamwe si kutoka nje kuja ndani, vinginevyo kitambaa kinajikusanya katikati.

Majani ya pamba yana habari nyingine. Hayakubali moto wa mshumaa, kwa hiyo niliyakaza kwa wanga wa muhogo, kama tunavyokaza kanzu. Yanakuwa magumu, mazuri, yanashika mkunjo wowote. Mende nao wana maoni hayohayo. Niliweka sanduku la majani mia mbili chini ya kitanda, nikalifungua baada ya wiki sita, nikakuta yametobolewa tobolewa, mengine yameliwa pembeni nusu mwezi. Nilikaa sakafuni nikiyatazama. Kisha nikachukua moja, nikaliweka pembeni ya shina la mama wa kikapu lililokuwa likinyauka kwenye glasi, na huko nako kulikuwa na jani lililoliwa na kiwavi. Yalifanana kuliko chochote nilichowahi kukata kwa mkasi. Nilihamia gundi ya mbao kwa ajili ya kukaza, mende wakahama, lakini lile tundu sikulisahau.

Jani lililokauka ndilo lililonishinda muda mrefu. Satini ya kahawia inatoa kitu kama karatasi ya peremende. Rafiki yangu wa Masaka akaniletea kipande cha lubugo, lile gome la mti wa mutuba linalopondwa kwa nyundo za mbao mpaka linakuwa nguo. Mti haufi, shina linavishwa majani ya mgomba, gome linaota tena. UNESCO iliitangaza kazi hiyo mwaka 2005 kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi usioshikika wa binadamu, lakini kilichonivutia mimi ni kwamba halikufumwa. Halina mtande wala mshindio, halitoi nyuzi popote unapolikata, na ukililowesha linavutika, likikauka linabaki hivyo hivyo ulivyolikunja. Rangi yake ni ya jani lililoanguka juzi. Nililowesha, nikasokota ncha, nikaacha juani. Mtoto wa jirani alilikanyaga akidhani ni taka za uani.

Nikayatia kwenye shada la harusi moja ya Waganda, majani matatu tu ya lubugo chini kabisa, nikijiona nimewaenzi. Mjomba wa bibi harusi, mzee wa makamo aliyevaa kanzu na koti, alilishika lile jani kwa vidole viwili. Aliuliza kwa utulivu, "Nani kamletea binti yetu sanda?" Huku Buganda maiti huzikwa kwa lubugo. Wafalme nao hulivaa wakitawazwa, na siku hizi wapo wanaolishonea hata mikoba, lakini mzee yule alikuwa amemzika kaka yake mwaka uleule, na sikuwa na la kumjibu. Nikayachomoa palepale nikapiga magoti kuomba radhi. Sasa kabla ya kuligusa lubugo nauliza, na si bibi harusi ninayemuuliza. Namuuliza mkubwa wa nyumba.

Bei nayo niiseme, maana wengi huniuliza. Ua la zamani, la gundi na jani la mwembe, niliuza shilingi elfu tatu na kutengeneza saba kwa siku. La sasa linachukua siku nzima na zaidi, nauza elfu ishirini na tano, na wapo wanaonitukana. Duka lile la magauni liliacha kunipigia. Wanapata ya China kwa katoni, na kusema kweli petali za China ni nzuri kuliko zangu. Wanaobaki kwangu ni wale wanaopindua ua kabla ya kununua. Si wengi. Wanatosha kulipa karo ya mtoto mmoja na nusu.

Mwaka jana, siku ya soko, mama wa kikapu alipita tena. Tulikuwa tumezoeana kwa miaka sasa, lakini kununua hakuwahi kununua. Binti yake alikuwa anahitimu, anataka ua la kubandika kwenye joho. Akachagua la rangi ya pichi. Akalipindua. Akahesabu vijani kwa kidole, vitano, akashuka, akatafuta vile vijisikio viwili, akavipata. Akafungua chini ya ua, akagusa ndevu: mbili, mbili, nusu. Nilikuwa nimesimama kama mtu anayesubiri majibu ya damu.

Kisha akafika kwenye jani la chini. Kijani cha tatu kina tundu, na pembeni kimeliwa nusu mwezi, kingo za tundu zimetiwa kahawia kwa maji ya chai. Lilinichukua asubuhi nzima. Akalisogeza karibu na macho, akalikuna kwa ukucha kuona kama ni uchafu.

"Hili lisingepanda ndege," akasema.

Akafungua kikapu, akatoa pesa.